Chupa ya kioo ya kurudisha au ya plastiki ya kuyeyusha: ipi inaumiza mazingira kidogo?

#1 Mwana_Utafiti
Wakuu salaam.

Nasoma shahada ya uzamili ya mazingira, na mada niliyochukua kila mtu anaamini jibu lake analo: soda ya chupa ya kioo inayorudi kiwandani na soda ya plastiki inayookotwa ikasagwa na kuyeyushwa, ipi inaumiza mazingira kidogo hapa kwetu?

Naweka hoja yangu wazi ili mnishambulie. Nasema kwa Dar es Salaam kioo kinashinda, na kitashinda hata siku kila kopo la plastiki litakapookotwa. Chupa ya kioo ikirudi inaoshwa na kujazwa, inabaki chupa. Ya plastiki ikikusanywa, mara nyingi hairudi kuwa chupa tena, kwa hiyo kiwanda kinaendelea kuagiza malighafi mpya kutoka nje.

Napima kwa kufuata maisha yote ya bidhaa: tangu mchanga wa kioo au mafuta ya kutengenezea plastiki, kiwandani, barabarani, dukani, hadi dampo. Kila hatua najumlisha nishati, maji, gesi joto na uchafu. Kipimo cha kulinganishia ni lita 1000 za soda zilizomfikia mnywaji.

Ninapokwama ni hapa: chupa moja ya kioo inazunguka mara ngapi kabla haijavunjika au kupotea? Vitabu vya Ulaya vina namba zao, mimi naitaka ya kwetu. Wenye maduka, madereva, wanunuzi wa makopo, karibuni. Na swali la pembeni: kwa nini kreti za kioo zinapungua madukani?

#2 Mangi wa Kona
Karibu kijana. Mimi nina duka, soda ni kila siku.

Chupa kuvunjika ni kidogo sana kuliko mnavyofikiri. Zinapotea kwenye sherehe na misiba. Mtu anachukua kreti nyingi, ameacha dhamana, zikirudi hazijatimia. Zilizobaki huko zinawekewa mafuta ya taa, asali, karanga za kuuza barabarani. Dhamana ikiwa ndogo kuliko faida ya chupa yenyewe, hairudi.

Swali lako la pembeni jibu lake ni mtaji. Kreti tupu iliyokaa stoo ni hela yangu imelala. Plastiki nauza, nasahau. Hilo tu.

#3 Fundi Boila
Mkuu #1, namba unayoitafuta huipati kwa kuuliza "inazunguka mara ngapi". Uliza "kati ya chupa 100 zilizotoka, zimerudi ngapi". Ukipoteza 5 kila mzunguko, wastani wa chupa ni mizunguko 20. Ukipoteza 10, ni mizunguko 10. Ukipoteza 2, inafika 50. Daftari la Mangi linakutosha.

Lakini usiishie hapo. Kutoka mzunguko wa 1 hadi wa 10 unaokoa sana, kwa sababu ule moto wa kuyeyusha mchanga, kama nyuzi 1500, unagawanywa kwa matumizi mengi. Kutoka 20 hadi 50 unaokoa kidogo tu, na hapo kinachotawala hesabu ni kuosha na kusafirisha. Mimi nimefanya kazi upande wa kuosha. Chupa zinapita kwenye maji ya moto yenye kostiki (dawa kali ya kusafishia), bafu baada ya bafu, kisha zinasuuzwa. Mvuke unatoka kwenye boila. Boila ikichoma mafuta mazito una picha moja, ikichoma gesi asilia una nyingine kabisa. Na yale maji ya kostiki yanaelekea wapi? Mtafiti asiyeuliza habari za mfereji wa kiwanda ameacha nusu ya kazi.

#4 Doti Komu
Kioo ni kizito, mjadala umeisha. Chupa ya plastiki ya nusu lita ina gramu ishirini na kitu. Ya kioo inakaribia uzito wa soda iliyomo ndani yake. Lori linabeba chupa kuliko soda, halafu linazirudisha tupu!

#5 Msafiri wa Tanzam
Mkuu #4 mjadala umeisha kwako wewe uliyekaa ofisini. Sisi tuko barabarani, tuseme.

Soda haitoki Dar kwenda kila mahali. Mbeya kuna kiwanda, Moshi kuna, Mwanza kuna. Safari nyingi za kreti ni fupi, kiwandani kwenda kwa wakala wa wilaya. Na lori lililoshusha zilizojaa lazima lirudi, lina mzigo au halina.

#6 Fundi Boila
#5 umenena. Safari ya kurudi usimtwishe chupa peke yake kama lori lilikuwa linarudi tupu.

#7 Msafiri wa Tanzam
Hapana mkuu, hapo sasa umenivuka. Lori la kampuni linalozunguka mjini ndilo linalorudi hivyo. Sisi wa masafa hatupendi kurudi watupu. Nikitoka Mbeya napakia mchele au viazi. Nikipakia kreti tupu, sipakii mchele, na ule mchele unatafuta lori jingine. Kwa hiyo mafuta ya safari ile ni ya kreti kihalali kabisa. Mwana_Utafiti, tenganisha mzunguko wa mjini na wa mkoani, usivichanganye.

#8 Mwana_Utafiti
#5 na #7 shukrani, hilo naliandika. Mangi, kwenye duka la kawaida, siyo sherehe, zinapungua ngapi?

#9 Mchambua Makopo
Nimesoma kimya nikaona niingie. Mimi nanunua makopo kwa waokotaji, nachambua, nauza kwa wenye mashine.

Watu wanadhani kopo ni kopo. Njooni muone gunia likimwagwa chini. Kwanza unatoa yaliyotiwa mafuta ya kula au oili ya gari, hayo hayana mnunuzi mzuri. Kisha unagawa: meupe yanayopitisha mwanga huku, ya kijani kule, ya kahawia kule. Meupe ndiyo yenye bei. Kizibo unang'oa, hiyo ni plastiki ya aina nyingine, inauzwa peke yake. Ule mkufu unaobaki shingoni unakatwa kwa kisu. Lebo ikigoma inaachwa, mashine itahangaika nayo. Kinachobaki ni vipakiti vya karatasi ya plastiki, bahasha za maziwa, vijiko. Hivyo haviendi popote, vinachomwa au vinarudi dampo.

Makopo yakishasagwa kuwa chenga na kuoshwa, chenga nyingi zinasafiri nje ya nchi. Zinakuwa nyuzi za mito, mazulia, mikanda ya kufungia mizigo. Chupa kuwa chupa tena kwa hapa ni kidogo. Kwa hiyo mtoa mada yuko sahihi hapo.

Jambo jingine: mafuta ya petroli yakishuka bei duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi na bei yetu inaanguka. Waokotaji wanaacha wanatafuta vibarua vingine. Kiwango cha kukusanya kinapanda na kushuka kila bei inapobadilika, kwa hiyo asiandike namba moja kama imechongwa kwenye jiwe.

#10 Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu #9 umenifundisha, Mungu akubariki. Ila mbona hakuna anayetaja sisi? Kopo la maji kwangu halifiki kwa mwokotaji. Linawekwa juisi ya ukwaju, baadaye maziwa, baadaye mafuta ya kupima, mwisho petroli ya bodaboda au maji ya kumwagilia mchicha. Limetumika mara nyingi kuliko hiyo chupa yenu ya kreti. Matumizi hayo yako kwenye hesabu ya nani?

#11 Mwalimu wa Jiografia
Bi Mkubwa umeuliza swali kubwa kuliko yote humu. Tafiti nyingi zimefanywa nchi ambako kopo likinywewa linakwenda pipani siku hiyo hiyo. Maisha ya pili na ya tatu ya kopo kwetu hayana safu kwenye jedwali lao.

Na kuna jambo la pili wasilolihesabu vizuri: kopo likiwa mtaroni. Vipimo vya kawaida vinahesabu gesi joto, tindikali, tabaka la ozoni. Mtaro ulioziba mvua za masika hauna kipimo kinachokubalika. Angalia mafuriko ya Jangwani, hapa Dar, kila mwaka.

#12 Doti Komu
Jangwani hapafuriki kwa sababu ya kopo, mwalimu. Jangwani ni bonde la mto Msimbazi, mchanga umejaa, watu wamejenga kwenye njia ya maji. Hata tungekuwa hatuna plastiki hata moja pangejaa tu.

#13 Mwalimu wa Jiografia
Bonde ni bonde, nakubali. Mimi nazungumzia mitaro ya mitaa inayoingia kule. Ukitaka, tembea na vijana wanaoizibua kabla ya mvua uone wanachotoa.

#14 Nesi wa Zamu
Bi Mkubwa #10 nakuheshimu sana lakini hilo la petroli na mafuta ya taa kwenye chupa za soda na maji linaniumiza. Tunapokea watoto waliokunywa mafuta ya taa wakidhani ni soda. Mama anakuja mbio, mtoto anakohoa, ananuka mafuta, anataka kumtapisha njiani. Msiwatapishe jamani, yakipanda yanaingia mapafuni, mleteni hospitali haraka. Kutumia tena ni kuzuri, lakini chupa ya kinywaji isibebe sumu.

#15 Bi Mkubwa wa Tanga
Asante mwanangu nesi. Ya petroli nitayatia kwenye dumu lake.

#16 Kijana wa Hamburg
Habari za huko. Huku Ujerumani mjadala huu upo kila siku, na wana mfumo wa dhamana unaofanya kazi. Chupa ya bia ya kioo ni senti 8, chupa nyingi nyingine za kurudisha ni senti 15, na ya kutumia mara moja ni senti 25 tangu mwaka 2003. Unaingiza chupa kwenye mashine dukani, inakupa risiti, unakatiwa kwenye manunuzi. Huoni chupa imezagaa, maana mtu mwingine ataiokota ile 25.

Lakini siri yao ya kioo haiko kwenye mashine. Viwanda vingi vya bia vinatumia chupa za umbo moja. Chupa iliyotoka kusini ikinywewa kaskazini inajazwa na kiwanda cha kaskazini, haipandi lori kurudi kwao. Kwetu kila kampuni imechonga jina lake kwenye kioo. Mangi akipokea chupa ya kampuni nyingine anaifanyaje?

#17 Mangi wa Kona
Inakaa pembeni mpaka gari la wenyewe lije. Lisipokuja, inakaa. Hamburg bwana, senti zote hizo umezijua kwa kunywa au kwa kusoma?

#18 Kijana wa Hamburg
Kwa kurudisha, mangi. Mwisho wa mwezi inasaidia.

#19 Mkaguzi
Nyie mnasifia kutumia tena wakati Denmark walishapima: mfuko wa pamba lazima uutumie mara 20,000 ndiyo uufikie mfuko wa plastiki. Elfu ishirini! Serikali zetu zilipopiga marufuku mifuko mwaka 2017 zilisoma hilo?

#20 Mwana_Utafiti
Mkuu #19, tuirekebishe. Kenya ndiyo ilianza marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania Bara ilikuwa 1 Juni 2019. Mwaka 2017 huku tulifuta viroba, vile vipakiti vya pombe kali, siyo mifuko.

Na utafiti wa Denmark ulitoka mwaka 2018, kutoka mamlaka yao ya mazingira. Ile 20,000 ni ya pamba ya kilimo hai, vipimo vyote vikijumuishwa pamoja, na kilichoipandisha ni kipimo cha tabaka la ozoni. Ukiangalia mabadiliko ya tabianchi peke yake, mfuko huo huo ni mara 149, na wa pamba ya kawaida ni 52. Mfuko wa sokoni unaubeba mwaka mzima, 52 ni mara moja kwa wiki. Tena walichukulia kwamba mfuko wa plastiki unaishia kwenye pipa na kuchomwa kwenye mtambo wa umeme. Mifuko yetu iliishia kwenye matumbo ya ng'ombe na baharini.

#21 Fundi Boila
#20 safi. Na kwa faida ya wasomaji, aina hii ya upimaji mizizi yake ni chupa hizi hizi. Mwaka 1969 Coca-Cola waliiagiza Midwest Research Institute ya Marekani ilinganishe vifungashio vya vinywaji, aliyeisukuma ndani ya kampuni akiitwa Harry Teasley.

#22 Doti Komu
Basi wenye soda ndio walioandika mtihani na kusahihisha. Ndiyo maana plastiki imeshinda.

#23 Fundi Boila
Utafiti wa mwaka ule haukuchapishwa wote, kwa hiyo hoja yako ina uzito. Lakini leo kuna kanuni za kimataifa, ISO 14040 na 14044, na zinadai wahakiki wa nje ukitaka kutangaza hadharani kwamba bidhaa hii inaishinda ile. Swali la nani amelipia utafiti bado ni la kwanza kuuliza, hapo tuko pamoja.

#24 Mwanachangamwe
Ndugu zangu wa Bongo, salamu kutoka Mombasa. Mnazungumza kana kwamba kuyeyusha upya kubaya kwake ni kutumia moto mwingi tu. Sisi tulikuwa na mtambo wa kuyeyusha betri kuukuu za magari pale Owino Uhuru, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kwenye karatasi ule ni mzunguko safi: risasi (yale madini) ya betri kuukuu inakuwa malighafi ya betri mpya, hakuna mgodi unaochimbwa. Uhalisia ni kwamba risasi ilienda kwenye vumbi, kwenye maji, kwenye damu za watoto. Mama Phyllis Omido alipigana, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Kwa hiyo mtafiti, usipime tani za gesi joto peke yake. Uliza mtambo uko karibu na nani.

#25 Mchambua Makopo
#24 umesema kweli. Hata sisi, maji ya kuoshea chenga yanamwagwa nje. Vijana wanasaga bila kitu puani. Nimewanunulia barakoa, joto likizidi wanazivua. Hilo liandikwe kwenye utafiti pia.

#26 Mwalimu wa Jiografia
Naomba nitupie jambo ambalo hamjaligusa. Watafiti Zink na Geyer waliandika mwaka 2017 kwamba bidhaa iliyorejelezwa inaokoa mazingira pale tu inapochukua nafasi ya mpya. Ikiongezeka sokoni bila mpya kupungua, tumezalisha zaidi, siyo tumeokoa. Mitumba ni mfano. Kila nguo ya mtumba anayonunua mwanafunzi wangu, je, kuna nguo mpya ambayo haikushonwa? Au amepata nguo tano badala ya mbili?

#27 Mkaguzi
Mitumba usiiguse mwalimu, nchi nzima itakuja hapa.

#28 Mwanachangamwe
Gikomba, soko letu la mitumba Nairobi, nayo itakuja. Lakini swali ni halali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipotaka kuiondoa mitumba, Marekani ilitishia, wengi wakalegea. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA (mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru) kwa nguo. Pia ukifungua robota siku hizi, chini kuna nguo ambazo hata dekio hazifai. Zile zimesafirishwa huku kwa jina la kutumia tena.

#29 Bi Mkubwa wa Tanga
Mitumba imenisomeshea watoto. Wenye nguo zao huko wazinunue chache, tatizo litakuwa limetatuliwa kule kule linakoanzia.

#30 Doti Komu
Turudi kwenye chupa. Hoja ya #26 inaipiga plastiki ya Mchambua, maana nyuzi za mito zingetengenezwa tu hata bila makopo. Lakini inaipiga na kioo: chupa ya kurudisha ikishusha bei ya soda, watu wanakunywa soda zaidi.

#31 Mchambua Makopo
Sikubaliani. Mto usiojazwa nyuzi za makopo unajazwa nyuzi mpya za mafuta. Mahali pale plastiki mpya imepungua. Haikupungua kwenye soda, imepungua kwenye mito.

#32 Mwana_Utafiti
#30 na #31, hapo ndipo wasimamizi wangu wenyewe hawaelewani, mmoja ananiambia nimpe Mchambua sifa ya mto, mwingine ananikataza. Nitafanya hesabu zote mbili niziweke kando kwa kando.

Kwa sasa nimepata sababu tatu za kreti kupungua: mtaji wa Mangi, uzito wa #4, na umbo la chupa la #16. Kuna nyingine?

#33 Msafiri wa Tanzam
Kuna stendi. Ukifika Msamvu basi linasimama dakika chache, vijana wanapandisha vinywaji dirishani. Nani atakunywa chupa ya kioo airudishe basi limeshaondoka? Maisha yamekuwa ya safari, bodaboda, daladala. Kioo kinamtaka mtu akae kibarazani amalize.

#34 Mangi wa Kona
Hapana. Wateja wangu wengi wanakunywa wamesimama hapo hapo dukani na kioo wanakipenda, wanasema kina baridi na gesi imekaa. Tatizo ni wakala kuleta. Nikiagiza kreti za kioo naletewa soda za plastiki.

#35 Fundi Boila
Labda wakala anaepuka kazi ya kurudisha. Na chupa zilizochakaa shingo zinaondolewa kiwandani, kuweka mpya mahali pake ni uwekezaji. Vigae vyake, yaani vipande vya kioo, vinafaa kuyeyushwa, kiwanda cha kioo kiko hapa hapa Dar. Ukichanganya vigae asilimia 10 kwenye tanuri unapunguza nishati kama asilimia 2.5 hadi 3. Mwana_Utafiti hilo usiliache.

#36 Mangi wa Kona
Kijana, uliniuliza #8 nikawa na wateja. Kreti ya chupa 24 hapa dukani, wiki ya kawaida inarudi kamili au inakosa moja kwa kreti kadhaa. Ikipita harusi mtaani, daftari linachafuka. Njoo ulione mwenyewe, nimeandika kila aliyechukua na alichorudisha. Majina utayafunika.

#37 Mwana_Utafiti
Nakuja Jumamosi, Mangi. Majina sitayagusa. Mchambua, nawe naweza kufika lini?

#38 Mchambua Makopo
Alfajiri, kabla magari hayajaja kuchukua. Vaa viatu vya kufunika, njoo na glavu. Nitakumwagia gunia moja ulichambue wewe kwanza, halafu tupime kila fungu.